Mjadala: Strasburg 2012, Nationals walimlinda au walimbania?

mtazamaji_wa_usiku
Wadau, kwa msiofuatilia besiboli ya Marekani: Stephen Strasburg alikuwa mrushaji wa timu ya Washington Nationals. Juni 2010, mechi yake ya kwanza, aliwatoa wapigaji wa Pittsburgh mara 14 kwa straiki tatu, yaani marusho matatu waliyoshindwa kuyapiga. Miezi mitatu haijaisha, kano ya kiwiko ikachanika. Akafanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule alioanzisha Dkt. Frank Jobe mwaka 1974: unatolewa ukano mwilini kwako, mara nyingi kwenye kigasha, unapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa mfupani.

2012 akarudi na moto, ushindi 15. Septemba meneja mkuu Mike Rizzo akamsimamisha: inningi (zamu za mchezo, mechi ina tisa) 159 na ushei alizorusha msimu huo zinatosha, kiwiko kilichopasuliwa kilindwe. Timu inaingia mtoano, yeye benchi! St. Louis wakawatoa 3-2, na mechi ya tatu walilimwa 8-0. Mimi nasema walikosea. Mkono wenyewe ulikuja kufa vilevile.

mama_kocha
Rizzo mnamwonea. Mechi ya tano waliongoza 6-0 wakalala 9-7, wameruhusu mikimbio (pointi) minne kwenye inningi ya tisa. Inningi ya tisa ni kazi ya wafungaji, warushaji wanaoingia kumalizia mechi, Strasburg angekuwa keshapumzishwa zamani. Na 2019 je? Inningi 209 msimu wa kawaida, mtoano ushindi 5 bila kushindwa, mchezaji bora wa World Series, fainali ya ligi. Kano ile ya kiwiko haikupasuliwa tena.

mtazamaji_wa_usiku
Dada, 2012 nani alijua 2019 itakuja? Halafu wangemchelewesha kuanza msimu Aprili, inningi zilezile zingebaki za mtoano wa Oktoba. Hilo sijaona mtu akilijibu.

kijana_wa_DC
Mkataba mnaurukia. Desemba 2019 alisaini miaka 7, dola milioni 245. Baada ya hapo alianza mechi 8 tu mpaka anastaafu 2024. Safari hii neva zilibanwa kati ya shingo na bega, hadi ubavu mmoja ukatolewa. Hesabu ya inningi haikulinda hilo. Na 2012 mwenyewe alitaka kucheza, akakasirika. Kwa nini mwenye mkono asisikilizwe?

mama_kocha
Ana miaka 24, mtoano uko mlangoni, unamuuliza kama anataka kucheza? Unategemea akujibu nini? Mrushaji huwa anasema yuko sawa mpaka siku picha ya MRI, ile ya kipimo cha ndani ya mwili, inapotoka.