Mjadala: Je, tamthilia zinazoonyesha nywila ikikisiwa kwa dakika moja zinatuonya au zinatupotosha?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, yapo matukio ya tamthilia ambayo tumeyaona mara nyingi kiasi kwamba hatuyahoji tena, na mojawapo ni lile la kukisia nywila. Mpelelezi anaketi mbele ya kompyuta ya mtu mwingine, anazungusha macho chumbani, anaona picha ya mtoto au jina la mbwa, anabonyeza vitufe vichache na kompyuta inafunguka. Mfano unaokumbukwa sana ni wa tamthilia ya Uingereza ya Sherlock, katika sehemu ihusuyo Baskerville iliyorushwa na BBC mwezi Januari 2012. Sherlock anataka kuzifikia taarifa za siri za kituo cha utafiti cha jeshi. Anaingia katika ofisi ya meja anayekiongoza, anatazama vitabu na picha zilizomo, anapima umri, malezi na siasa za mwenye ofisi, kisha anahitimisha kwamba mtu wa aina hiyo atakuwa amechagua nywila inayomhusu Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, tena kwa jina lake la kubembeleza. Anaandika Maggie, na siri za jeshi ziko mbele yake.

Swali ninaloliweka mezani ni hili: je, matukio ya namna hiyo yanaionya jamii juu ya nywila dhaifu, au yanaipotosha kuhusu hatari yenyewe? Wako wanaosema kwamba yanaonya, kwa kuwa mtazamaji akiona meja wa jeshi ameumbuliwa na jina moja, naye atakwenda kubadilisha la kwake. Mimi nashikilia kwamba yanapotosha, ingawa si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Wataalamu wengi hulalamika kwamba hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayeweza kulinda siri za serikali kwa neno jepesi kiasi hicho. Katika hilo watunzi wa tamthilia wana haki kuliko wakosoaji wao.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 zilizochaguliwa na watumiaji wenyewe, wakakuta kwamba asilimia 86 zilikuwa ama fupi mno, ama zinapatikana kwa kupekua kamusi na orodha za majina. Miaka 30 baadaye, Desemba 2009, kampuni ya RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32 ambazo ilikuwa imezihifadhi wazi bila kuzificha kwa namna yoyote, na iliyoongoza kwa wingi ilikuwa 123456, iliyotumiwa na watu wapatao 290,000. Na baada ya wizi wa vito uliotokea katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, Oktoba 2025, vyombo vya habari vya Ufaransa vilifichua kwamba wakaguzi wa usalama wa mitandao wa serikali, walipolipima jumba hilo mwaka 2014, walikuta neno LOUVRE likitosha kuingia kwenye seva ya kamera za ulinzi. Mtunzi wa tamthilia angeambiwa na mhariri wake kwamba hilo halitaaminika.

Kwa hiyo udhaifu unaoonyeshwa ni wa kweli. Kisicho cha kweli ni namna unavyotumiwa, na hapo ndipo penye madhara. Katika tamthilia, anayekisia ni mtu mwenye kipaji, na anayekisiwa ni mtu mkubwa: jasusi, waziri, tajiri, meja. Kukisia kunakuwa ni kuusoma moyo wa mtu mmoja. Lakini mdukuzi wa kweli kwa kawaida hana haja na moyo wa mtu yeyote. Akishaiba hifadhi ya akaunti kutoka kwa kampuni fulani, ambamo nywila zimefichwa, anaipeleka kwenye kompyuta yake na kuiachia programu ijaribu mamilioni ya maneno, kuanzia yale ambayo watu wamekwisha kuyachagua zamani, na orodha ya RockYou ni miongoni mwa zinazotumika kwa kazi hiyo hadi leo. Au anachukua anwani za barua pepe na nywila zilizovuja mahali pengine na kuzijaribu kwingineko kwa mkupuo, akijua kwamba watu wengi hutumia nywila moja kila mahali. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera za ulinzi na vifaa vya intaneti vya majumbani kwa maelfu mengi, huku silaha yake ikiwa ni orodha ya jozi zipatazo 60 tu za majina na nywila ambazo vifaa hivyo vilitoka nazo kiwandani. Vifaa hivyo vilitumiwa mwezi Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti nyingi, na tovuti kubwa, Twitter ikiwemo, zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Hakuna aliyetazama rafu ya vitabu ya mtu yeyote.

Mtazamaji aliyelelewa na tamthilia anajifunza kutoka kwenye matukio haya kwamba nywila hukisiwa na mtu anayekufuatilia, na kwa kuwa yeye ni mwalimu, mkulima au muuza duka asiye na siri za taifa, anajiuliza ni nani atakayepoteza muda wake kumkisia. Jibu lake ni la busara kabisa kwa kadiri ya alichoonyeshwa, na ndilo linalomweka hatarini.

Kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Katika tukio la Baskerville aibu yote inamwangukia meja. Hakuna mhusika anayeuliza kwa nini mfumo wa jeshi ulikubali neno la herufi sita, wala kwa nini neno hilo pekee, bila kadi wala uthibitisho mwingine, lilitosha kufungua kila kitu. Tamthilia inatuzoesha kuona usalama kama suala la werevu au ujinga wa mtu binafsi, na kumsahau aliyeujenga mlango. Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Tamthilia si somo la kompyuta. Mtunzi ana saa moja na nusu ya kumaliza kisa, na akionyesha programu ikisaga orodha usiku kucha hatakuwa na mtazamaji hata mmoja. Sanaa hufupisha, na hatujawahi kuwadai watunzi wa visa vya mahakamani watuonyeshe miaka yote ya kuahirishwa kwa kesi.

Zaidi ya hayo, historia inaonyesha kwamba hata kisa chenye nywila nyepesi kinaweza kuamsha nchi. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo WarGames, ambamo kijana anaingia kwenye kompyuta ya kijeshi kwa neno Joshua, jina la marehemu mtoto wa mwanasayansi aliyeiunda. Rais Reagan aliitazama filamu hiyo na kuwauliza wakuu wa jeshi lake kama jambo hilo lingeweza kutokea kweli, na mwezi Septemba 1984 alitia saini agizo la kwanza la nchi hiyo kuhusu usalama wa mifumo ya kompyuta na mawasiliano ya serikali. Kama upotoshaji huzaa matunda ya namna hiyo, basi tuuombe zaidi.

Tena si kweli kwamba hakuna anayekisia kwa kumjua mtu. Septemba 2008 kijana mmoja aliingia kwenye barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani, kwa kujibu maswali ya utambulisho: tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta, na mahali alipokutana na mumewe. Yote hayo yalikuwa yakijulikana na umma. Na tukiziacha habari za wakubwa, majumbani mwetu anayeijua namba ya siri ya simu yako ni nani, kama si mwanao, ndugu yako au mwenzako wa ndoa? Hao hawana programu wala orodha. Wanakukisia kwa sababu wanakufahamu, sawasawa na Sherlock. Kwa watu wengi wa kwetu tukio unalolikosoa lina ukweli mwingi kuliko hiyo Mirai.

Mchangiaji wa pili

Nachangia kwa kifupi, kwa kuwa nafanya kazi ya uwakala wa pesa kwa simu hapa Tanzania. Mchangiaji aliyetangulia amesema kweli kuhusu ndugu wa karibu, ila mduara wa wanaoweza kukisia ni mpana kuliko nyumba. Namba ya kitambulisho cha taifa inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na mteja anaitoa kila anaposajili laini na katika ofisi nyingi anazokwenda kupata huduma. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, na mfumo hufunga akaunti baada ya kukosea mara chache, kwa hiyo anayebahatisha ovyo hana nafasi kubwa. Lakini mteja aliyechagua mwaka wake wa kuzaliwa ameitoa namba yake kwa kila aliyewahi kukiona kitambulisho chake, na wazee wengi, kwa kuogopa kusahau, ndio mwaka wanaouchagua. Siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwakataza.

Mtoa mada anajibu

Nawashukuru wote wawili. Nianze na habari ya Palin, kwa sababu inatajwa mara nyingi kama uthibitisho wa kukisia nywila, na sivyo ilivyokuwa. Nywila yake haikukisiwa hata kidogo. Kilichofunguka ni utaratibu wa kampuni ya barua pepe wa kumrudishia mteja akaunti yake pale anaposahau, utaratibu uliotegemea majibu ambayo kwa mtu maarufu yamo magazetini. Palin angeweza kuwa na nywila ndefu kama utenzi na bado angeingiliwa. Lawama hapo ni ya aliyebuni maswali yale, na hilo ndilo nililokuwa nikilisema.

Kuhusu muda wa mtunzi, mfano wa kumjibu upo ndani ya televisheni yenyewe. Tamthilia ya Marekani ya Mr. Robot, iliyoanza mwaka 2015, inamwonyesha Elliot, mdukuzi ambaye ndiye mhusika mkuu, akimpigia simu mtu na kujifanya mfanyakazi wa benki wa kitengo cha kuzuia udanganyifu, akimuuliza mambo madogo madogo kama timu anayoishabikia na jina la mnyama wake, kisha akiyatia majibu hayo kwenye programu inayotengeneza na kujaribu michanganyiko yake. Tukio lote ni la dakika chache na linasisimua kuliko kukodolea rafu. Mtazamaji wa kwetu ambaye amewahi kupigiwa simu na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja angelitambua mara moja, na angeondoka akijua kwamba maswali ya upole ndiyo yanayotangulia wizi. Tamthilia hiyo hiyo inaonyesha pia nywila ya mshauri wa kisaikolojia wa Elliot, iliyotokana na jina la mwanamuziki ambaye mshauri huyo anampenda na mwaka aliozaliwa mshauri mwenyewe, tarakimu zikiwa zimegeuzwa, lakini haimwachi mtazamaji akidhani kwamba kipaji ndicho kilichofanya kazi. Kwa hiyo sidai somo la kompyuta. Nadai tu mtunzi afanye utafiti wa jambo hili kama anavyofanya utafiti wa sare za polisi.

Ni kweli kwamba WarGames ilizaa agizo, na sina sababu ya kulipunguzia sifa hiyo. Ila tuangalie ni nani aliyeguswa. Reagan alikuwa mwenye mfumo. Alipoona hatari aliagiza mfumo ubadilishwe. Mtazamaji wa kawaida hana mfumo wa kuuamuru, na anachobakiwa nacho ni woga au dharau. Kampuni nazo zimejifunza kuutumia mtazamo huo wa kwamba kosa ni la mtu. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 23andMe, inayopima vinasaba, iliingiliwa kwa nywila zilizovuja kwingine: akaunti zipatazo 14,000 zilifunguliwa moja kwa moja, na kupitia hizo taarifa za watu karibu milioni 6.9 zikachukuliwa. Mawakili wa kampuni waliwajibu waathirika kwamba tatizo lilitokana na uzembe wa watumiaji kurudia nywila zao. Idara ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa haikuridhika na hoja hiyo, na mwaka 2025 iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 2.31, ikieleza miongoni mwa mambo mengine kwamba haikuwalazimisha wateja kutumia uthibitisho wa pili, yaani hatua nyingine ya kujitambulisha mbali na nywila. Uingereza hiyo hiyo, tangu Aprili 2024, inapiga marufuku kwa sheria kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila rahisi ya kiwandani, na mzigo umewekwa kwa mtengenezaji na muuzaji. Hicho ndicho kisa ambacho sijawahi kukiona kikiigizwa.

Tusisahau kwamba vituo vya televisheni vyenyewe haviko salama. Aprili 2015, siku moja baada ya TV5Monde ya Ufaransa kudukuliwa na matangazo yake kukatika, mwandishi wake alihojiwa na kituo kingine akiwa ndani ya ofisi, na nyuma yake ukutani zilionekana karatasi zenye nywila za akaunti za kituo. Ile ya YouTube ilikuwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya «nywila ya YouTube», yaliyoandikwa kwa mfululizo.

Mchango wa ndugu yetu wakala ndio ulionigusa zaidi, na nadhani mjadala uendelee kutokea hapo. Amesema wazee hawajawahi kukatazwa kuchagua mwaka wa kuzaliwa. Kampuni inayotoa huduma ya pesa kwa simu inayo tarehe ya kuzaliwa ya mteja tangu siku ya usajili. Kompyuta yake inaweza kuilinganisha na namba ya siri pale mteja anapoichagua, ikaikataa, na kumwomba kwa Kiswahili chepesi achague nyingine. Vivyo hivyo kwa 1234 na 0000. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Kampuni ambayo haijaifanya itueleze ni kwa nini, na mamlaka za mawasiliano na benki kuu za nchi zetu ziiulize swali hilo kwa maandishi.