Je, supachaja ya umeme huongeza nguvu ya injini?

Swali: Ndugu wataalamu, feni ya volti 12 inayouzwa kama supachaja ya umeme (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), nikiifunga kwenye bomba la hewa la injini ya lita 1.5, itaongeza nguvu kweli?

Jibu la 1: Hapana, ndugu yangu. Injini hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta takriban lita 4,500 za hewa kila dakika, na feni isiyoweza kuisukuma yote kwa presha hugeuka kizuizi.

Jibu la 2: Teknolojia yenyewe ipo. Audi SQ7 ya dizeli ya mwaka 2016 ina kompresa ya umeme ya volti 48, inayotumia hadi kilowati 7 kabla turbo (visukuma hewa vinavyozungushwa na moshi wa injini) hazijashika kasi; kwa volti 12 hizo ni karibu ampea 600, mzigo ambao alteneta yako (jenereta ya gari) haiubebi. Afadhali ununue plagi mpya na filta safi.