Ushauri: kukinga kompyuta ya nyumbani dhidi ya radi na umeme unaoruka

Mleta uzi
Wakuu, habari. Nyumba iko Bukoba, na vuli ikianza radi huku haziishi. Kuna kompyuta ya mezani na ruta. Intaneti inashuka kwa waya kutoka antena ya kwenye paa. Vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni yenye saji protekta (kinga ya umeme unaoruka). Sina hakika kama soketi zina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Inatosha? Na UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 itasaidia?

FunduUmeme
Haitoshi, mkuu. Ndani ya ekstensheni hiyo kuna varista, kidude cha duara mfano wa sarafu. Volti zikiruka, kinafunguka na kuutoa umeme wa ziada kwenda nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi. Bila ethi, pigo lililoingia kwa laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja litatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni waya wa antena yako. Varista pia inachoka kila inapopigwa, na taa ya ekstensheni nyingi za bei rahisi inaonyesha tu kwamba umeme upo, si kwamba varista bado ni nzima.

Anza na ethi: fito ya chuma ya kuchomeka ardhini, mita 1.2 au zaidi, mahali penye unyevu. Fundi aipime kwa kipima ethi, ohm 10 kushuka chini. Multimita inadanganya, itasoma volti 230 hata ethi ikiwa mbovu. Kisha afunge SPD (saji protekta ya nyumba nzima) ya aina ya 2 karibu na meinswichi, iliyoandikwa volti 275 na kA 40 (kiloampea). Waya zake jumla zisizidi sentimita 50, maana kila mita inaongeza takriban volti 1000 pigo linapopita.

Kipimo230
Naongezea: nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, nyumba inaweza kupata hadi volti 400 mfululizo. Hapo varista inachemka na kuungua, ni hatari ya moto. Weka gadi kama ile ya friji, inayokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri kabla ya kurudisha. Mpangilio: soketi, gadi, UPS, kompyuta. UPS ni ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi. Swichi yake inachukua milisekunde, radi ni mikrosekunde, kwa hiyo radi inapita kabla haijageuka.

AntenaJuu
Msisahau antena. Funga kizuia radi cha waya wa mtandao pale unapoingia ndani, ethi yake iungwe kwenye fito ileile. Fito mbili zisizounganishwa zitapishana volti, na tofauti hiyo itapita ndani ya kompyuta. Kati ya ruta na kompyuta tumia Wi-Fi, ukate njia kabisa.

Mleta uzi
Nikizima swichi ya ukutani tu?

AntenaJuu
Hapana, ule mwanya ni milimita chache, radi inauruka. Chomoa plagi na waya wa mtandao pia, mapema, wingu linapojikusanya. Hesabu sekunde toka mwanga hadi ngurumo: tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, usiguse waya wowote, acha vilivyo.