Naomba ushauri: nitapimaje malainibeka wa timu ya chuo bila kudanganywa na idadi ya ukabaji?

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu katika jimbo la Iowa, Marekani, na huu ni msimu wa pili ninajitolea katika chumba cha video cha timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kidogo cha daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, daraja ambalo mchezaji halipiwi masomo kwa sababu ya mchezo. Kazi yangu imekuwa kukata mikanda ya mechi na kuipanga. Wiki iliyopita kocha wa ulinzi aliniomba nimwandikie tathmini ya malainibeka wetu watatu kabla ya mazoezi ya majira ya kuchipua, kwa kuwa msimu ujao timu itawatumia wawili tu na kuongeza mlinzi wa tano nyuma.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, lainibeka husimama yadi 4 au 5 nyuma ya walinzi wakubwa wa mbele. Mkimbiaji akija na mpira, yeye anaziba mwanya. Kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, akitaka kutupa pasi, yeye anarudi kulinda eneo lake. Na mara nyingine anatumwa kumvamia kotabeki huyohuyo.

Shida yangu ni hii. Nahodha, kijana wa mwaka wa tatu, ndiye aliyeongoza timu nzima kwa ukabaji, yaani kumwangusha mwenye mpira, na yule wa mwaka wa pili ana karibu nusu yake. Hata hivyo, kila nikitazama mkanda ninaona kama huyu mdogo ndiye mchezaji bora, ila siwezi kumpelekea kocha hisia zangu na kuziita tathmini. Katika mechi moja nilihesabu kwa mkono: nahodha alikaba mara 11, na katika mara 7 kati ya hizo mpinzani alikuwa ameshapata yadi 5 au zaidi. Ripoti hii inaweza kumweka benchi mtu aliyeitumikia timu kwa jasho lake, na sitaki kumdhulumu. Naomba mnisaidie vigezo. (Yule wa tatu alikuwa majeruhi kwa sehemu kubwa ya msimu, kwa hiyo namwacha kwa sasa.)

Mkufunzi Mstaafu

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. Nimefundisha walinzi wa shule za sekondari huko Ohio kwa miaka mingi, na vijana wengi wa chumba cha video niliofanya nao kazi walikuwa na kosa moja: macho yao yanaufuata mpira. Ukiufuata mpira utamwona aliyemwangusha mkimbiaji, lakini aliyesababisha aanguke hutamwona. Simamisha mkanda pale mpira unapoanzishwa, msahau mkimbiaji kabisa, kisha mtazame lainibeka mmoja miguuni kwa sekunde moja ya kwanza. Je, mguu ulikwenda moja kwa moja kule kazi yake ilikokuwa, au aliurudisha nyuma kwanza ndipo akatoka? Hatua hiyo ya bure, ambayo haifiki hata nusu yadi, ndiyo inayomfanya amkabe mtu kwenye yadi ya 5 badala ya yadi ya 1.

Lakini kabla hujagusa mkanda, mwombe kocha karatasi ya maelekezo, ili ujue katika kila jaribio, yaani tangu mpira unapoanzishwa hadi mchezo unaposimama, mlinzi aliambiwa afanye nini. Nitakupa mfano. Gadi wa wapinzani, mmoja wa wazuiaji wakubwa wa mbele, anajing'oa kwenye safu na kukimbilia pembeni kumfungulia njia mkimbiaji wake. Lainibeka wako ameagizwa ampige gadi huyo kwa bega la ndani, amwangushe palepale njiani, ili mkimbiaji akose pa kupita na arudi katikati ambako kuna mwenzake. Akifanya hivyo barabara, mwenzake ndiye atakayeandikiwa ukabaji, na yeye ataamka chini ya gadi wa kilo 140 bila kuandikiwa chochote. Ukihesabu kwa namba za mwisho wa mechi, utasema hakucheza.

Zingatia pia kwamba kanuni za vyuo zinamtesa lainibeka kuliko za NFL, ligi ya kulipwa. Katika vyuo, wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kwenda hadi yadi 3 kupita mstari ulipoanzia mpira kabla pasi ya mbele haijatupwa, ilhali katika NFL ni yadi 1. Timu nyingi siku hizi hutumia mbinu ambayo kotabeki anaamua akiwa tayari anacheza kama atampa mkimbiaji mpira au atautupa. Lainibeka amefundishwa kumsoma gadi. Anamwona gadi anakuja kwa nguvu kama katika jaribio la kukimbia, naye anapanda kumkabili, na papo hapo pasi inapita nyuma yake, mahali palepale alipokuwa amesimama. Usimwandikie kosa hilo kabla hujauliza ni nani aliyepewa jukumu la pasi hiyo.

Mtu wa Hesabu

Naunga mkono, na niongeze upande wetu sisi wa takwimu, kwa sababu namba hazina hatia ukijua zimetoka wapi. NCAA ilianza kutunza rasmi takwimu za walinzi mwaka 2000. Wachezaji wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa ukabaji mzima katika jumla yake, ingawa ukabaji unaompotezea mpinzani yadi hugawanywa nusu kwa nusu. Anayeandika ni mtu wa mezani wa timu mwenyeji, na wapo walio wakarimu, ambao kila aliyelifikia rundo humpa chake. Kwa hiyo tenganisha alizokaba peke yake na alizosaidiwa, kisha linganisha mechi za nyumbani na za ugenini.

La pili ni nafasi za kukaba anazozipata mchezaji. Mwaka 2011 lainibeka Luke Kuechly wa chuo cha Boston College alikaba mara 191 katika mechi 12, na timu yake ilishinda 4 tu. Timu inayofungwa hukaa muda mrefu uwanjani ikilinda, kwa hiyo ungeweza kudhani namba ile ilipandishwa na udhaifu wa wenzake. Mwaka uliofuata akaenda Carolina Panthers na akaongoza NFL nzima kwa ukabaji akiwa mgeni wa ligi. Mwaka huohuo wa 2012, Manti Te'o wa Notre Dame alikaba mara 113 na kunasa pasi 7 za wapinzani, akashika nafasi ya pili katika tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, nyuma ya Johnny Manziel. Kwa jumla ya ukabaji Te'o yuko mbali sana chini ya Kuechly, lakini lainibeka anayenasa pasi 7 kwa msimu anasoma mchezo kwa kiwango ambacho safu ya ukabaji haina mahali pa kukiandika. Gawa kila idadi kwa majaribio ambayo mchezaji alikuwa uwanjani, halafu tenga ya mbio na ya pasi.

Kuhusu alama, wachambuzi wa PFF, kampuni inayowapa alama wachezaji wa mchezo huu, humpa mchezaji kati ya -2 na +2 kwa kila jaribio, wakipanda kwa nusu nusu. Kwako wewe mmoja zinatosha alama tatu: ametimiza, hakutimiza, amezidi alichoombwa.

Beki wa Zamani

Natofautiana kidogo na wakubwa walionitangulia. Tusimfundishe kijana huyu kudharau ukabaji. Niliwahi kucheza na mlinzi aliyekuwa akifika mahali sahihi kila mara, na kila mara mkimbiaji alimponyoka mikononi. Lainibeka Zach Thomas alipotoka chuo cha Texas Tech alionekana mfupi kwa nafasi ile, akachaguliwa na NFL katika raundi ya 5 mwaka 1996, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu kule Canton, Ohio. Mwili wake haukumpeleka pale. Alifika na alimaliza. Weka safu ya waliomponyoka, na uandike walimponyoka upande gani.

Halafu kuna upana wa uwanja. Safu mbili za alama za katikati, ambazo kila jaribio huanzia juu yake au kati yake, katika viwanja vya vyuo zimeachana futi 40, tofauti na za NFL ambazo zimekaribiana sana. Mpira ukianzia kwenye alama za upande mmoja, lainibeka wa upande mpana ana eneo kubwa la kulinda na mara nyingi anakimbia bila kumgusa mtu. Angalia kama huyo wa mwaka wa pili ndiye anayepangwa huko.

Mama wa Houston

Wanangu, mimi si kocha. Mwanangu wa kiume amecheza nafasi hii chuoni kwa miaka minne, na ninasema nilichokiona. Msimu wake wa tatu walibandika ukutani karatasi yenye majina yaliyopangwa kwa alama, naye alikuwa wa mwisho kwa sababu ya watu waliomponyoka. Hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa nimemtembelea wiki ile, na asubuhi nilimwona akivaa shati: mkono wa kushoto aliuingiza kwanza, polepole, akiuvuta kwa mkono wa kulia, kwa kuwa haukuweza kupanda juu ya bega. Alikuwa akicheza amefungwa mkanda wa bega ndani ya nguo, na wote waliomponyoka walipita kushoto.

Kwa hiyo, mwanangu, uliposhauriwa kuandika upande, fuata ushauri huo. Na kabla ya kukabidhi ripoti, kaa na kila kijana, umwonyeshe jaribio moja moja, umuulize: hapa ulisikia umeagizwa nini? Mwili wako ulikuwaje siku hiyo?

Mleta uzi

Nawashukuru sana, wakubwa zangu, na wewe Mama nakushukuru kipekee, shikamoo. Niliomba karatasi ya maelekezo, nikaitazama upya ile mechi usiku mbili mfululizo, na ninalazimika kusahihisha nilichoandika mwanzoni.

Kati ya zile mara 7 nilizomhesabia nahodha kama udhaifu, katika 4 mpira ulikimbizwa upande wa pili kabisa wa uwanja. Kazi yake ilikuwa kubaki nyuma kuulinda mwanya wake mpaka awe na hakika kwamba mkimbiaji hatakata kurudi; alibaki, kisha akavuka uwanja na kumkaba mtu ambaye wenzake wawili walishindwa kumkaba. Nilikuwa nimemwadhibu kwa kufanya kazi ya wengine baada ya kumaliza yake. Zile 3 zilizobaki ni zake kweli, na zote zinafanana: anavutwa mbele na gadi, pasi fupi inaingia nyuma yake, anageuka na kumkaba mpokeaji akiwa ameshachelewa.

Yule mdogo naye nilikuwa nimempenda kwa mbio zake. Mara 5 katika mechi hiyohiyo alikwenda kwenye mwanya usio wake, na kasi ikamwokoa mara 3. Ni kweli anapangwa upande mpana, kama Beki wa Zamani alivyohisi, na akirudi kulinda pasi sijaona anayemfikia kati ya watatu hawa.

Swali langu la mwisho: je, nimpe kocha orodha ya nani wa kwanza na nani wa pili?

Mkufunzi Mstaafu

Usimpe. Kocha wako hakuhitaji useme nani bora, anahitaji kujua amtumie nani lini. Andika kurasa mbili kwa kila kijana: mbio upande wake, mbio upande wa pili, pasi, na waliomponyoka, kila moja ikiwa na namba za majaribio ili aweze kufungua mkanda na kukuhakiki. Mechi moja haitoshi. Chukua angalau 4, na 2 kati yake ziwe dhidi ya timu zinazotumia sana mbinu ile ya kuamua katikati ya mchezo, kwa sababu ndiko nahodha anakoumia.

Na zile pasi 3 mpelekee nahodha mwenyewe kwanza, kabla ripoti haijafika mezani kwa kocha. Mwambie atazame mikono ya kotabeki badala ya gadi katika majaribio hayo, kisha mwone wote wawili kama mguu wake unabadilika mazoezini.

Mleta uzi

Nimepokea, Mkufunzi. Nimemwomba nahodha tukutane Alhamisi baada ya mazoezi ya viungo, na amekubali. Nimeshazikata zile pasi 3, na zile mara 4 alizovuka uwanja nimeziweka mbele, azione kwanza.