Mdaiwa aliyeangushwa na uchumi: apewe njia ya kutokea, au dawa ya deni ni kulipa?

Mwanzisha mada, mtaa wa Sakina, Arusha: Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotua uwanja wa ndege wa KIA, Arusha ilikuwa imeshakopa kwa kutegemea msimu. Dereva wa watalii kakopa amalizie nyumba, mkewe kachukua hela ya kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Watalii nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakabaki kama 620,000. Kabla ya korona hawakuwahi kulaza marejesho. Leo tunawaita wazembe.

Mabenki yaliruhusiwa kupanga upya mikopo. Kikundi je? Niliona kirikuu kimeegeshwa kwa jirani yangu mama lishe. Wanakikundi walipakia friji, wakafuatisha sufuria kubwa anazopikia pilau za sherehe. Nyama ya kwenye friji wakampangia mezani, kwa adabu kabisa. "Pole, mama." Sasa atalipa kwa kupikia nini?

Sheria ya Kufilisika ipo, Sura ya 25, tangu enzi za Mwingereza. Mdaiwa anaweza kuomba mwenyewe atangazwe muflisi. Ila hadi Mahakama Kuu! Nani pale soko la Kilombero ana hela ya wakili wa kumtangaza kuwa hana hela? Ishushwe wilayani.

Mweka hazina wa kikoba, Njiro: Kaka, unagawa hela za nani? Benki ina mtaji, sisi tuna wauza ndizi. Mmoja asiporejesha, mwenzake anakosa ada ya mtoto na anayegongewa mlango saa kumi na mbili asubuhi ni mimi. Korona ilitupiga sote. Wapo waliouza gari wakalipa.

Mchangiaji wa Moshi: Msichanganye kikoba na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali. Benki Kuu (BoT) iliweka kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Hawa kausha damu unasaini laki tano, unapewa laki nne.

Mwanzisha mada: Mweka hazina, hapo umenibana. Basi kikoba kitangulie kwenye foleni ya kulipwa, kausha damu akae mkiani. Lakini hata mahakama ikikazia hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kukamata vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi. Nyie mnabeba bila hata karatasi.

Mweka hazina: Karatasi tunayo, alisaini mwenyewe mbele ya balozi wa nyumba kumi. Ila nisiseme uongo: sufuria tulizochukua sisi mwaka ule ziko stoo kwangu mpaka leo. Hazijapata mnunuzi.