Digrii ya pili kwa miezi sita: akili au voda fasta?

Mbeba Boksi, Columbus, Ohio (mleta mada)

Wadau, naleta jambo linalotugawa kila tukikutana kwenye misiba na harusi huku Marekani. Kuna ndugu zetu wenye shahada tayari wanaomaliza shahada nyingine ya kwanza ya fani mpya (si uzamili) kwa miezi, si kwa miaka, tena kwa hela isiyofika bei ya gari la mtumba. Nusu ya ukumbi inawapongeza, nusu inawacheka. Mimi nawapongeza. Karibuni mnipinge, ila kwa hoja.

Kwanza tuelewane inavyokwenda, maana wengi wanabishia kitu wasichokijua. Shahada ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti (vipimo vya masomo uliyofaulu) 120. Ukishakuwa na shahada, iwe ya hapa au ya Mlimani iliyotathminiwa kozi kwa kozi na taasisi kama WES, vyuo vingi vinakuhesabia yale masomo ya msingi: uandishi, historia, hesabu, sayansi ya jamii. Huyarudii. Zinabaki kozi za fani mpya, na kila chuo kina idadi ya krediti ambazo lazima uzisomee kwake, mara nyingi kama 30. Pengo la katikati ndilo watu wanaliziba kwa bei chee. Kuna mitihani ya CLEP ya shirika la College Board, ukifaulu unapata krediti bila kukaa darasani, iliyopo tangu 1967, mmoja karibu dola 100. Kuna jukwaa la kozi za mtandaoni liitwalo Sophia, dola 99 kwa mwezi, umalize kozi ngapi ni juhudi zako. Kuna Study.com, StraighterLine na wenzao. Hao si vyuo. Wanapeleka kozi zao kwa ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, linazikagua na kupendekeza krediti, halafu chuo ndicho kinaamua kupokea au kukataa.

Unamalizia kwenye vyuo vilivyozoea watu wazima. Excelsior cha New York (1971), Thomas Edison cha New Jersey (1972) na Charter Oak cha Connecticut (1973) viliundwa kwa kazi hiyo hasa. Au WGU, walichokianzisha magavana wa majimbo ya magharibi mwaka 1997: kwa fani kama biashara na kompyuta unalipa takriban dola 4,000 kwa miezi 6, na ndani ya miezi hiyo unafanya kozi kadiri unavyoweza kufaulu. Vyote vina ithibati, tusichanganye na vyeti vya Kariakoo.

Sasa hoja yangu. Mimi nilisomea ualimu, huku nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Ruzuku ya Pell ya serikali hupewi ukishakuwa na shahada, hata kama uliipatia Iringa. Kwa hiyo msiniambie nichague kati ya njia hii na miaka minne ya chuo kamili. Hiyo miaka minne kwangu haipo. Kilichopo ni njia hii au kubadilisha nepi za wazee mpaka nami niwe mzee. Nawasilisha.

Mwalimu wa Algebra, Minneapolis

Mkuu, umeeleza vizuri upande wa hela na umekimbia upande wa elimu.

Nafundisha hesabu kwenye chuo cha jamii. Muhula uliopita alikuja kijana, transkripti yake inaonyesha kafaulu algebra kwenye moja ya hayo majukwaa ya kulipia kwa mwezi. Nikaandika ubaoni x² − 5x + 6 = 0. Akanitazama, akaniuliza anaweza kutumia kikokotoo gani. Huyo anataka kuingia kalkulasi. Majaribio mengi ya kozi hizo mtu anayafanya kwake, vitabu wazi, hakuna msimamizi, maswali ya kuchagua jibu, na majibu yake yanauzwa mtandaoni kama karanga.

Wale wa Tanzania mtakumbuka shule za kata zilipofumuka miaka ya 2000, vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kusukumwa darasani. Mtaani tukawabatiza walimu wa voda fasta, kwa jina la vocha ya simu. Hawakuwa wabaya, walikuwa wameharakishwa, na waliolipia ile haraka ni wanafunzi. Nikisikia mtu anajisifu kumaliza shahada kwa wiki 14 nawakumbuka wale watoto.

Na hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Elimu ya Marekani aliandika kuwa kozi nyingi za WGU hazina mawasiliano ya kutosha kati ya mwalimu na mwanafunzi, akapendekeza chuo kirudishe dola milioni 713 za msaada wa serikali.

Mbeba Boksi

Mwalimu, umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu. Januari 2019 wizara hiyo hiyo ilikataa pendekezo la mkaguzi. Chuo hakikurudisha hata senti.

Pia usichanganye jukwaa na chuo. Mitihani ya WGU niliyoifanya mimi ina msimamizi anayekutazama kwa kamera. Anakwambia uzungushe kompyuta aone chumba kizima, uvue saa, usogeze nywele aone masikio kama hujaficha kitu. Mmoja aliniamuru nibandue kalenda ya kanisa ukutani kabla hajafungua swali la kwanza. Saa nane usiku, watoto wamelala, nabandua kalenda. Mlimani niliwahi kufanya mtihani ukumbi mzima na msimamizi mmoja anasoma gazeti.

Na hizo kozi za mwaka wa kwanza za vyuo vya kawaida, wanafunzi 300 ukumbini na maswali ya kuchagua, mhadhiri anamjua nani?

Dada wa Zamu, nesi, Houston

Mnabishana kana kwamba digrii zote ni moja. Mbona hamtuulizi sisi wa hospitali?

Kwangu nilikuwa na shahada ya sosholojia, nikasoma unesi wa haraka wa wenye shahada tayari. Hizo programu kwa kawaida ni miezi 12 hadi 18. Krediti za saikolojia na takwimu nilihamisha, sikuona haya. Lakini saa za wodini hazihamishiki. Hakuna jukwaa litakalokufundisha kuona mgonjwa amebadilika rangi ya midomo kabla mashine haijalia.

Na msitegemee sana mtihani kama ushahidi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza Operesheni Nightingale: diploma za unesi zaidi ya 7,600 zimeuzwa na shule tatu za Florida. Karibu 2,400 ya walionunua walikwishafaulu mtihani wa leseni, NCLEX. Walifaulu! Karatasi ya majibu ilisema wanajua unesi, na wodi hawajaikanyaga kama wanafunzi. Hivyo kaka Mbeba Boksi, kusema "nimefaulu, basi najua" hakutoshi. Inategemea umefaulu nini.

Ila sikubali kumweka anayehamisha krediti halali kapu moja na hao wanunuzi. Yule kanunua uongo. Huyu kafuata kanuni zilizoandikwa na chuo chenyewe.

Mhasibu, Atlanta

Nachekea pembeni. Fani yangu ndiyo iliyowafundisha watu kununua krediti.

Ili upate leseni ya CPA, ile ya mhasibu aliyeidhinishwa, majimbo yalitaka krediti 150. Shahada ni 120. Zile 30 za ziada? Majimbo mengi hayakujali ni za nini, alimradi zimetoka chuo kinachotambulika. Kwa hiyo mhasibu mwenye akili timamu anafanya nini? Anatafuta za bei poa, hata kama ni historia ya muziki. Wazungu wamefanya hivyo miaka na miaka na hakuna aliyewaita voda fasta. Sasa majimbo yenyewe yanalegeza. Ohio, kwa sheria iliyosainiwa Januari 2025, imefungua njia ya shahada ya kawaida pamoja na miaka miwili ya kazi. Maana yake wamekiri kwamba zile 30 zilikuwa ukuta tu. Mwalimu, kabla hujamkamua mwanafunzi, muulize aliyejenga ukuta.

Mwalimu wa Algebra

Hapo kwenye uhasibu nakubaliana nawe. Ukuta usio na maana uvunjwe. Ila algebra si ukuta, ni ngazi ya kalkulasi.

Mtu wa Dar

Naomba niwaletee ya nyumbani, maana wengi mnasema "nikirudi".

Nipo idara ya rasilimali watu kwenye kampuni moja hapa mjini. Tulipokea maombi ya Mtanzania mwenye shahada mbili, ya pili ya huko kwenu. Transkripti ndefu, sehemu kubwa imeandikwa tu kuwa krediti zimehamishwa, hakuna alama. Zilizobaki zimeandikwa amefaulu, basi. Bosi akauliza: GPA yake ngapi? Ni daraja gani? Tukakosa cha kumjibu, kwa sababu krediti za kuhamisha kwa kawaida haziingii kwenye GPA, na chuo kama WGU hakitoi A wala B. Hapa mtu amezoea kusoma "upper second" kabla hata ya kusoma jina.

Mjue pia tumeumwa na nyoka. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo karatasi isiyoeleweka inatiliwa shaka hata ikiwa safi. TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, wana utaratibu wa kutambua tuzo za nje; Kenya kuna KNQA, mamlaka yao ya sifa za kitaaluma. Pelekeni mapema, msisubiri kuitwa kwenye usaili.

Dada wa Zamu

Hilo la alama hata huku lipo. Ukitaka shahada ya uzamili kwenye chuo chenye ushindani watakuuliza GPA vilevile.

Mwanafunzi wa F-1, Kansas

Wenye viza ya mwanafunzi msidanganyike na uzi huu. Kozi ya mtandaoni inayohesabika kwenye muda kamili ni moja tu kwa muhula, krediti 3. Chuo cha mtandaoni mtupu hakiwezi kukupa I-20, ile fomu ya chuo inayobeba viza yako. Fanyeni CLEP kama nyongeza, lakini mkiacha darasa la ana kwa ana mnaacha na viza.

Bibi Lugha, Washington DC

Mbona hamjataja cha kwetu? CLEP wana Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, Kiswahili hawana. Lakini ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, wana mtihani wa kuzungumza Kiswahili, unaongea na mtahini kwa simu dakika 15 hadi 30. Vyuo kadhaa hutoa krediti kwa mitihani ya ACTFL. Ulizeni chuo chenu kama kinapokea na ngapi. Mwalimu, hii nayo ni voda fasta? Mtu kajifunza lugha hiyo tangu kunyonya.

Mwalimu wa Algebra

Bibi, shikamoo. Hapo sina neno. Anachokijua kimepimwa na mtu mzima aliyemsikiliza. Wangepima algebra hivyo ningefunga mdomo.

Mbeba Boksi

Basi mwalimu tumekaribiana kuliko ulivyoanza. Tatizo lako ni kipimo, si kasi. Mimi nabaki pale pale: mtu wa miaka 41 mwenye watoto watatu asiambiwe arudie historia ya Marekani ili aonekane amesoma.

Mgeni wa uzi, Louisville

Samahani wakubwa, mimi ninatoka Bukavu, nilisoma ISP, chuo cha ualimu cha pale. Nataka kusomea kompyuta. Nianze kulipa wapi?

Mhasibu, Atlanta

Usilipe popote kwanza. Fanya tathmini ya kozi kwa kozi ya karatasi zako za Bukavu, na zikiwa za Kifaransa zitafsiriwe rasmi. Kisha chagua chuo cha kumalizia, waandikie ofisi ya msajili, wakupe kwa maandishi ni krediti zipi wanapokea na zipi hawapokei. Uliza hasa za ngazi ya juu, za mwaka wa tatu na wa nne, maana majukwaa ya bei chee mengi yana za chini tu. Ukishapata hiyo barua ndipo uone pengo ni la krediti ngapi. Nimeona mtu kakamilisha kozi 11, chuo kikapokea 4.

Mgeni wa uzi, Louisville

Aksanti. Wanakawia siku ngapi kujibu?

Mhasibu, Atlanta

Wiki mbili, tatu. Wasipojibu, piga simu asubuhi, na uandike jina la aliyekujibu.