Tupeane uzoefu: wimbo wa mtu mwingine uliupataje kwenye gita?

Mkaa Barazani (Tanga)
Habari zenu wapiga gita. Uzi huu si wa kuuliza gita gani ni zuri, hayo tumeyajadili mpaka yamechacha. Kila mtu ataje wimbo mmoja wa msanii mwingine alioupata, na aliupataje: kwa sikio, kwa kuangalia vidole vya mtu, au kwa kusoma kodi (chords, zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) mtandaoni.

Naanza mimi. Wangu ni "Malaika", kama nusu ya watu humu, nadhani. Kodi tatu zinatosha. Nilikuwa naupiga kwa C, F na G, ila sauti yangu ikawa inakwama nikifika juu. Nikahamia G, C na D, koo likapumua, na faida ya pili nikaachana na ile F ya kubana nyuzi zote sita.

Mzee wa Santuri (Morogoro)
Wanangu, sisi hatukuwa na kodi za kusoma. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Ukiipeleka kwenye 33, solo la Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita wetu wa Morogoro, linaanza kutembea polepole na unaona anapopita. Ubaya wake, sauti nayo inashuka: wimbo wa A unausikia kama E, tena E iliyolegea kidogo. Kwa hiyo unalishika solo huko chini, halafu unalipandisha hadi mahali pake. Huko kupandisha ndiko kulikonifundisha shingo ya gita, maana kila kipande nilikipiga sehemu mbili. Mbaraka alipofariki kwa ajali mwaka 1979, hapa Morogoro vijana tulikuwa bado tunabishana vidole vyake vilianzia wapi.

Siku hizi YouTube inapunguza kasi na sauti inabaki palepale. Mnadekezwa. (Lakini naitumia.)

Kijana wa Ziwa (Homa Bay)
Shikamoo mzee. Mimi ni wa benga, muziki wa gita wa Waluo wa Kenya, nyimbo za D.O. Misiani na bendi yake Shirati Jazz. Nilitafuta kodi zake weee, nikazipata, nikapiga, na hakuna kilichofanana na benga. Shangazi yangu hajawahi kushika gita lakini alikua akisikia nyatiti, kinubi cha Waluo, pale nyumbani. Akaniambia: kiimbe kwanza hicho kipande kwa mdomo. Basi nikawa naimba solo lote, ti-ri-ri, majirani wakicheka. Likitoka mdomoni bila kujikwaa, vidole navyo vinalipata.

Na nadhani najua kwa nini. Nyatiti ina nyuzi nane, kila uzi na sauti yake, hakuna kodi ya kubana. Solo la benga limetoka huko: linamfuata mwimbaji, linamjibu, akinyamaza ndipo linapasuka. Ukilitafuta ndani ya kodi utakesha.

Mzee wa Santuri
Marahaba. Shangazi apewe gita.

Mtu wa Kopi (Dar es Salaam)
Mimi napiga kopi hotelini, nyimbo za watu ndiyo ugali wangu. Kinachowaponza wanaoanza rumba ni kudhani wanasikia gita moja kumbe yako matatu: ridhimu, solo, na katikati lile ambalo Wakongo wanaliita mi-solo. Kipande kinachokushinda mara nyingi ni watu wawili wanajibizana, na mkono wako mmoja hautaweza kuwa watu wawili. Vaa spika za masikioni, sikiliza upande mmoja mmoja, maana rekodi nyingi zimegawanya magita kushoto na kulia. Mimi huanza na ridhimu hata kama nimeitwa kupiga solo. Sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo magita yanatawala, huzunguka kodi zilezile, sasa usipozijua utajuaje solo linatua wapi?

Kodi za mtandaoni hazidanganyi, ila ni kama kumwelekeza mtu Kariakoo kwa kumwambia ipo Dar.

Mama Nyuzi (Lubumbashi)
Jambo yenu wote. Kaka wa Dar, kuna wimbo utakaokupinga: "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, aliyorekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Pale ni mtu mmoja na gita moja, ingawa sikio litakataa. Dole gumba na kidole cha shahada, basi. Mjomba alinikataza kugusa nyuzi nyembamba mpaka gumba liweze kutembea lenyewe kwenye zile nene. Kipimo chake kilikuwa maswali: umekula nini, mama yako ameenda wapi, kesho ni siku gani. Ukijibu na gumba lisisimame, unaruhusiwa kuongeza kidole cha pili. Ukisita, unarudi mwanzo. Nilimchukia sana yule mzee.

Vidole Vifupi (Nairobi)
Mnaongea Masanga na mimi bado F imenikalia kooni. Kuna njia ya mkato?

Mkaa Barazani
Ipo. Kidole cha shahada kibane nyuzi mbili nyembamba tu, freti ya kwanza (chumba cha kwanza kutoka kichwa cha gita). Cha kati kwenye uzi wa G, freti ya pili. Cha pete kwenye uzi wa D, freti ya tatu. Zile mbili nene usizipige kabisa. Hiyo ni F halali, asikudanganye mtu.

Mtu wa Kopi
Wenye uzoefu wa kupiga taarab kwa gita mjitokeze. Nimeombwa wimbo wa harusi Jumamosi, na kwenye rekodi kinanda kimejaa kila mahali. Gita liingie wapi?